Mkanda wa Garimoshi na Mpunga wa Mwamkulu

Nakumbuka asubuhi moja kule Mwamkulu, mpunga umeanza kujaa maziwa na ndege aina ya kweleakwelea wameshajua, Babu alisimama kwenye tuta la jaruba ameshika utepe mweusi wa mkanda wa video. Mwanangu, nakuita hivyo kwa sababu mtoto wa dada yangu ni wangu, ingawa mimi niko kidato cha tatu na wewe hata shingo hujakaza. Kuongea mbele za watu siwezi, mdomo unakuwa mzito. Kuandika naweza. Basi nakuandikia, ukikua usome.

Babu yetu zamani alifanya kazi kwenye treni ya mvuke, ile iliyokuwa inakuja Mpanda kutoka Kaliua. Kaka yake, marehemu Kalisti, ndiye aliyekuwa dereva, na Babu aliangalia moto na maji. Mzungu mmoja mpenda treni aliwahi kuwapiga video wakiwa kazini, akamletea Babu mkanda kama zawadi. Kalisti alikufa bila kuacha hata picha ya kitambulisho. Ni kwenye mkanda ule tu alikuwa bado anatembea, anacheka, anajifuta jasho kwa kofia. Hivyo ndivyo ninavyoambiwa. Deki yetu ya kuchezea video ilikufa kabla sijazaliwa.

Halafu akatokea Ezekiel, kijana wa Tabora anayekusanya picha za treni za zamani na kuziweka mtandaoni ili wanaozipenda wazione. Alimpata Babu kwenye simu. Akamwambia yule mzungu ameshafariki, watoto wake wametupa vitu vyake vyote, kwa hiyo mkanda uliobaki ni huo wa Babu peke yake. Akaomba aje na deki yake, anakili hapo hapo sebuleni, mkanda usitoke nje ya mlango.

"Kijana," Babu akamjibu, "kaka yangu si wa kutembezwa kwenye masimu ya watu." Akakata.

Mwaka uliofuata Ezekiel akapiga tena, akajibiwa vilevile. Sasa Babu akaingiwa na hofu ya kuibiwa. Akabandua karatasi iliyoandikwa treni, mkanda akautumbukiza kwenye kasha la kwaya ya parokia, akauchanganya na mikanda mingine chakavu ndani ya sanduku la bati. Hakumwambia mtu. Hata Bibi, aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, hakuambiwa. Wanasema akiba haiozi. Labda ni akiba za wengine.

Macho ya Babu yalipoanza kuingia ukungu, ndipo moyo ukalainika. Aliniita akasema, "Mpigie yule mtoto wa Tabora. Mwambie aje nimwone kaka yangu kabla macho hayajafunga kabisa." Ezekiel akaja na treni, deki ameiviringisha kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Babu alivaa koti lake la kanisani. Akafungua sanduku. Halikuwa na mkanda hata mmoja.

"Mikanda iko wapi?"

"Mwanao Deus kaichukua," Bibi akajibu, anaendelea kupepeta mchele. "Si kwa ajili ya ndege."

Huku kwetu, mwanangu, ndege wakianza kushuka mpungani, tunavuta utepe kutoka kwenye kanda za zamani, tunaufunga mti hadi mti juu ya majaruba. Upepo ukipita unavuma na kumeta, ndege wanakimbia. Ni ujanja mzuri na hauna gharama. Nyumba nyingi kanda zao ziliishia huko.

Mjomba Deus alipotuona tunakuja shambani alicheka. "Mzee, leo unaamia ndege na koti?"

Ezekiel alikamata utepe mmoja akauangalia juani. Ulishapauka, na unga mweusi ukabaki kwenye vidole vyake. Akajaribu mwingine, na mwingine. Hata hakuweza kujua upi wa treni na upi wa kwaya, zote zilikuwa zinavuma sawa.

"Jua limeshaula, Babu," akasema taratibu.

Babu akamgeukia Mjomba. "Umemuua kaka yangu mara ya pili."

"Mimi nimeona kwaya, Mzee. Ungeandika treni, ningegusa?"

Bibi alikuwa ametufuata nyuma, kanga imejaa mbigiri. Hakupaza sauti. "Mwache Deus. Ulimficha Kalisti mpaka sisi wa nyumbani tukashindwa kumtambua. Sasa nyie wawili mnagombania nini?"

Babu akauachia utepe, akashika njia ya nyumbani.

Ezekiel aliondoka na deki yake bila hata kulifungua blanketi. Majirani wanatania kwamba mpunga wa Deus unalindwa na garimoshi, na Babu anasikia. Juzi nilimwomba anieleze Kalisti alikuwaje, niandike. Akasema alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa. Jana akasema wa kimo cha kawaida. Ameanza kumpoteza, na anajua. Nampenda Babu, lakini hasira yangu haijaisha, na sitaki kukudanganya kwamba imeisha.

Basi sikia nasaha ya mtu asiye na mvi hata moja. Ukiwa na kitu unachokipenda, waambie wenzako ni nini na kimekaa wapi. Akija mtu anayekipenda kama wewe, mpe nakala, hata kama humjui ukoo. Mficha uchi hazai, na kitu cha thamani kinalindwa na wale wanaokijua. Usisubiri uanze kuogopa giza ndipo ufungue sanduku.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe watu wa kuwaamini mapema, macho yako yakiwa bado mazima, na siku utakapoitwa babu wawepo wengi wa kusema ulifananaje, wasibishane. Amina.