Aliyeturudishia Picha Kasubi

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Kisugu. Alikuwa mke wa rafiki yangu, mtaalamu wa kompyuta aliyekimbia vita Bukavu akaja kuanza upya hapa Kampala. "Shemeji, ndugu yako ametuacha," aliniambia, na nyuma yake nikasikia watoto wakilia. Figo zilikuwa zimemsumbua tangu mwanzo wa mwaka. Nimeandika safu hii miaka mingi, wasomaji wangu, lakini leo kila neno ni zito.

Tulifahamiana kwenye kliniki ya wazazi huko Kasubi, mke wangu alipokuwa mjamzito. Mashine ya ultrasaundi ilikuwa inawaka lakini haionyeshi picha. Kilichoharibika ni draiva, ile programu inayoiambia kadi ya picha ichore nini kwenye skrini. Kiwanda kilishaacha kuihudumia, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, kilikuwa kimeufanya siri. Fundi wa nje haruhusiwi kuuona. Jibu lao likawa: nunueni mpya. "Ssebo, bwana wangu, sisi mpya tutaitoa wapi?" muuguzi mkuu alimuuliza rafiki yangu, aliyekuwa ameitwa kuitengeneza. Akaibeba nyumbani kompyuta ya mashine ile. Kwa miezi kadhaa aliipa kadi amri mojamoja na kutazama inavyojibu, akibadilishana matokeo na wenzake wa nchi za mbali ambao hakuwahi kuonana nao. Wakaandika draiva yao wenyewe, wakaiachia wazi kwa yeyote anayeihitaji. Siku picha iliporudi, mke wangu alikuwa kwenye foleni. "Mama, kuja ulale hapa. Machine imekubali," muuguzi alisema. Ndivyo tulivyomwona binti yetu kwa mara ya kwanza, moyo wake ukipiga.

Baadaye kampuni moja ya vifaa kama hivyo ilimwita kazini. Ilimwahidi mshahara, nyumba na bima ya matibabu, kwa sharti kwamba atunze siri zao na aache kuandika programu huria. Nilikuwa kwao siku alipomweleza mkewe. "Nikisaini, mutu wa kliniki ingine akiniuliza namna ya kutengeneza, nitamujibu nini?"

"Utamujibu uko na watoto," mkewe alisema.

Juma lililofuata rafiki yangu aliurudisha mkataba bila sahihi, na mkewe akaenda kwa dada yake, akarejea baada ya siku kadhaa. Kliniki nyingi zikaendelea kutumia kazi yake bila kumjua.

Kwenye matanga mjane aliketi karibu nami. "Shemeji, kama alikuwa na bima, angeenda hospitali mapema. Si ni kweli?" Nilimwambia ni kweli. Rafiki yangu alivumilia mpaka miguu ikavimba na pumzi ikawa ya kutafuta, kwa sababu karo ya watoto ilitangulia. Wenzake wa mbali wametuma rambirambi nzuri, na tayari mmoja wao anaiendeleza draiva pale alipoiachia. Ninafurahi, lakini watoto wake hawataendelezwa na mtu kwa namna hiyo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji tulipona. Tulisimulia ukarimu wake kila mahali, na hatukumuuliza anatibiwa wapi. Ukipokea kitu cha bure, ndugu yangu, mtafute aliyekitoa angali hai, umuulize hali yake, na usiondoke mpaka akujibu.