Aliniomba Nimwage Maji, Nikajaza Tangi

Kosa ni langu, na wala sikuteleza. Nililitenda mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote. Ukifika katikati ukataka kunitukana, tukana tu. Mimi mwenyewe nimeshajitukana kwa kila lugha ninayoijua.

Mimi ni fundi bomba. Au nilikuwa. Kule Lubumbashi nililaza mabomba kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi kwa miaka kumi na tisa, na mtaa mzima ukiniita Fundi. Hapa Brussels nafagia ofisi karibu na Porte de Namur. Wenye ofisi hawalijui jina langu. Nikipita na ndoo wanainua miguu, basi.

Sasa mtu wa namna hiyo akija kufundishwa habari za maji na kijana wa juzi, atafanya nini? Ndiyo, najua. Alipaswa kusikiliza!

Kijana mwenyewe alikuwa mchumba wa binti yangu wa kwanza. Mtu wa Bukavu. Sikumpenda tangu siku aliyovuka kizingiti changu. Sikupenda upole wake, sikupenda alivyokula taratibu, sikupenda alivyoniita Papa kabla sijamruhusu. Alikimbia vita akafika hapa na mfuko mmoja, akasoma miezi sita ufundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, akapewa karatasi yenye mhuri. Kwa karatasi hiyo akapata kazi ambayo mimi, na miaka yangu yote kumi na tisa, nilinyimwa. Donda langu lilikuwa hapo. Mengine yote niliyokuwa nikiyasema juu yake yalikuwa visingizio.

Halafu aliishi kwenye karavani! Ile nyumba ya magurudumu ambayo Wabelgiji huifunga nyuma ya gari wakienda likizo. Aliinunua kuukuu, akaiegesha kwenye uwanja wa ghala moja huku kwetu Anderlecht, na mwenye ghala akamruhusu kukaa humo. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, sinki, tangi la maji chini ya benchi na kimtambo cha kuchemshia maji. Nikambandika jina, Bwana Karavani. Nililitumia jina hilo mbele ya binti yangu mpaka akawa anaondoka mezani kabla hajashiba.

Wao walikuwa wameshapanga. Mwezi wa pili kijana angekuja na mtu mzima wa kwao kujitambulisha rasmi, kwa heshima na zawadi zake, kisha harusi. Binti yangu aliniambia mara moja tu, "Papa, siombi kitu ingine. Mupokee tu." Nikaongeza sauti ya redio.

Mwezi wa kwanza kijana akapata kazi ya wiki tatu Ostende, kule pwani. Siku mbili kabla ya kuondoka akaja kwangu, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Papa, niko naenda Ostende, trois semaines. Banasema baridi kali iko inakuya. Donc naomba unisaidie ku karavani. Mayi yote itoke mu tanki. Robinets zote zibakie wazi. Na mu siphon, ile bomba ya chini ya sinki, umwange hii antigel kidogo. Juu mayi ikiganda inavimba, inapasula tuyau, mabomba yote."

Alikuwa na chupa ya hiyo dawa ya kuzuia kuganda, mpya, kizibo hakijaguswa.

Angeweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe kwa robo saa. Nikajiuliza kwa nini ananipa mimi, nikajijibu haraka kwamba ananipima. Anataka kuona kama mzee anajua. Damu ikanipanda!

"Unafundisha miye mambo ya mayi? Miye? Nilianza kukata tuyau wewe ungali unanyonya!"

"Hapana, Papa. Pardon. Sikusema vile."

"Bon. Leta funguo."

Sasa nikueleze jambo moja, si la kujitetea. Kwetu maji hukatika. Yakitoka unajaza ndoo, pipa, beseni, hata sufuria za mwenye nyumba. Mtu akisafiri huacha amejaza, ili atakayefungua mlango asikute ukavu. Anayemwaga maji safi kwenye udongo tunamwona hana wazazi. Na robine, yaani koki, ikikaa kavu, mpira wake unakauka na kupasuka, hilo nimeliona kwa macho yangu mara mia. Ufundi wangu wote umejengwa juu ya hofu ya bomba kavu.

Lakini nisikudanganye. Baridi ya nchi hii nilishaijua, nilishaona barafu. Kitu fulani moyoni kiliniambia kijana ana haki. Na kwa sababu ilikuwa haki yake, sikuitaka.

Nikaenda kwenye karavani. Nikachukua mpira wa maji wa ghala nikajaza tangi mpaka shingoni. Nikafunga robine zote kwa nguvu ya kiganja. Chupa ya dawa nikaiacha juu ya meza kama ilivyo. Nikafunga mlango nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Mluzi! Mzee mzima!

Baridi ikashuka kama ilivyotangazwa. Mfereji wetu uliganda kingoni, watoto wakawa wanatupia mawe juu yake na mawe hayazami. Jumamosi nikaenda kuangalia. Nikafungua robine ya sinki, ikakohoa, ikanyamaza. Nikainua ubao wa benchi, nikagonga tangi kwa kidole. Lilikuwa gumu kama jiwe, na tumbo lake limefura.

Hapo nilipaswa kwenda kwenye kibanda cha simu nikampigia binti yangu nyumbani. Saa ile uharibifu ulikuwa bado mdogo, na mtu mwenye akili angeleta blanketi na kipulizia cha umeme cha hewa moto, taratibu, mpaka barafu ilegee. Mimi nikaenda kuchukua mtungi wangu wa moto, ule wa kuungia shaba. Nilishazibua mabomba mangapi kwa moto!

Yale yalikuwa mabomba ya shaba na chuma. Ya karavani ni ya plastiki. Nilisogeza moto, bomba likakunjamana, likafunguka mdomo. Nikahamia nyuma ya kimtambo cha maji moto, nikakuta ufa mrefu kuliko kiganja, ambao baridi ilikuwa imeshaufanya kabla yangu. Nilikaa kwenye kile kitanda chake nikiwa nimeshika moto mkononi, na kwa mara ya kwanza niliogopa.

Barafu haivuji, nikajiambia. Nikafunga mlango nikaondoka.

Baada ya siku sita hewa ikalegea. Nikarudi. Maji yote niliyoyajaza kwa mikono yangu yalikuwa yametoka kwenye nyufa za tangi. Sakafu ya mbao ilikuwa imevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Chini ya benchi kulikuwa na sanduku la nguo, limelowa hadi kwenye mishikio. Sikuliinua. Nililiona, nikaliacha pale pale kwenye maji! Sijui hata leo ni roho gani iliyonishika.

Nyumbani binti yangu akauliza, "Papa, ku karavani kuko bien?"

"Nilifanya yote alisema," nikamjibu, nikaendelea kula.

Kijana alirudi siku mbili kabla ya siku ya kujitambulisha. Hakuja kwangu, alikuwa na funguo nyingine. Hakuuliza. Nikadhani hajaelewa kitu, nikamdharau kwa hilo pia.

Siku ikafika. Kwangu walikaa mdogo wangu, mzee mmoja wa kanisa na mkewe. Kijana akaja na tonton wake, yaani mjomba, mzee mnyamavu aliyevaa koti la kuazima. Na walikuja mikono mitupu! Hakuna kitenge, hakuna chupa, hakuna hata kifurushi cha sukari. Mke wangu akatazama mlangoni kama atakayeona mtu wa tatu akiingia na mizigo. Hakuingia mtu.

Nikapata nilichokuwa nakitafuta. Sikungoja hata maombi ya kufungua kikao. Nikasimama.

"Bandugu, muone mwenyewe. Huyu kijana alinipatia karavani yake nichunge. Nilifanya neno kwa neno vile alisema. Nilimwanga mayi, nilifungua robinets, nilitia dawa. Na ikapasuka tu, juu ilikuwa imeoza tangu zamani! Na leo anakuya kuomba mutoto yangu, mikono mutupu. Muntu hajue kuchunga tuyau, atachunga mutoto ya batu?"

Mzee wa kanisa akatikisa kichwa, mkewe akaguna. Tonton wa kijana akamgeukia mwenzake, akingoja atetee jina la kwao.

Kijana aliinama akitazama viatu vyake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Papa iko na haki. Karavani ilikuwa ya zamani. Munisamehe, sikujipanga muzuri."

Nilishinda! Ndugu yangu, nilijisikia kijana tena. Niliwasindikiza mpaka ngazini kwa adabu zote, ile adabu inayouma kuliko tusi.

Nikarudi, nikamkuta binti yangu jikoni. Hakulia. Ningependa angalilia.

"Papa, ile chupa ya antigel uliibakisha ku meza. Haikufunguliwa. Robinets zote zilikuwa zimefungwa. Tuyau ingine iliungua na moto. Aliona yote. Miye pia niliona, tuliingia pamoja."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Na ile valise ya chini ya benchi. Mama yake alituma mapagne, vitenge, kutoka Bukavu, yako na ya Maman. Walizipitisha na batu tatu mpaka zikafika. Rangi yote imeingiana. Njo juu ya nini walikuya mikono mutupu."

"Sasa juu ya nini hakusema?"

"Alisema hawezi kupatisha baba yangu haya mbele ya batu."

Kisha akaniongezea lile ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa na ufagio mkononi nasimama. Kijana alitaka kumwaga yale maji mwenyewe. Binti yangu ndiye aliyemzuia. "Nilimwambia, Papa ni fundi, na hapa hakuna tena muntu anamuita Fundi. Mupatie ile kazi, atafurahi."

Hapo mtu yeyote mwenye mama angepiga magoti. Mimi nikafungua mlango nikasema, "Basi fuata karavani yako."

Akafuata!

Walifunga ndoa kwenye ofisi ya komini, serikali ya mtaa. Mke wangu alikwenda, mimi nikajifanya nina zamu. Karavani ilivunjwavunjwa, wakapata vyumba viwili kwenye ghorofa si mbali na hapa. Mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume katika hospitali moja ya Woluwe. Mke wangu alirudi kutoka huko ananuka maziwa na furaha, akanipa ujumbe wa binti yetu. Naruhusiwa kumbeba mjukuu siku yoyote. Ila kwanza niwakalishe watu wale wale walionisikia siku ile, tonton akiwemo, niwaambie ukweli. Hakuomba nimwombe mumewe msamaha, wala hakuomba zawadi.

Mke wangu akawaita Jumapili. Akapika bukari, ule ugali wetu, samaki na sombe ya majani ya muhogo. Wote wanne wakaja, hata tonton, na koti lile lile. Binti yangu na mumewe walikuwa chumbani na mtoto, mlango umeachwa wazi kidogo ili wasikie.

Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo wiki nzima nikifagia. Nikakohoa, wakaacha kula. Nikamwangalia tonton, naye akaniangalia bila uadui wowote, akingoja. Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Munipitishie pilipili."

Mke wangu aliniletea. Mlango wa chumbani ukafungwa polepole. Wageni walipoondoka, binti yangu alitoka na mtoto amefungwa kwenye shali, akapita mbele yangu bila kunisalimu. Niliona kisogo cha mtoto tu, kidogo, chenye nywele laini.

Unadhani sasa nampenda yule kijana? Hapana! Namchukia zaidi. Kila nikikumbuka alivyoinama akajitwika kosa langu, natamani angenitukana, tungekuwa sare. Lakini aliniheshimu, na heshima ile imekaa kooni kama mfupa.

Wababa wenzangu, ninyi mliokuja huku na ufundi wenu mkaukuta hauna soko, nisikilizeni. Msiwalipize watoto wa watu yale mliyonyimwa na nchi. Kijana akikwambia maji ya huku hupasua bomba, mwaga maji, hata kama moyo unakwambia uyahifadhi. Fungua robine zote, tia dawa, kisha nenda ukalale. Na kama umeshaharibu, sema siku ile ile, mbele ya mtu mmoja, kabla hawajawa watano. Kila siku unayongoja inaongeza kiti kimoja kwenye kikao.

Mjukuu wangu sasa anatembea, naambiwa. Haya nimewaandikia ninyi msionijua. Wale wanne wanakaa dakika kumi kutoka mlangoni kwangu, na sijawaambia bado.