Waliongeza mwendo wa ngoma za baba yangu, halafu wakamwambia amezeeka

Wakuu, nawasalimu wote, wa bara na wa pwani.

Hii si hekaya. Ni mambo ya nyumbani kwetu, na nimeyakalia miaka mingi kwa sababu kila nikianza kuyasimulia napandisha sauti na watu wanadhani nagombana nao. Leo naandika, angalau hamtanisikia nikifoka.

Baba yangu alikuwa mpiga drums. Owuoth wa Karungu. Kama kuna mtu wa rika lake humu ndani, atamkumbuka.

Bendi yao ilikuwa na neno Jazz mwishoni mwa jina, kama bendi nyingi za huku kwetu, ingawa sidhani kuna mmoja wao aliyewahi kushika tarumbeta. Ilikuwa benga tupu, ule muziki wetu wa Kijaluo wa gitaa za kasi. Walirekodi santuri kadhaa miaka ya sabini, zikatamba Migori hadi Homa Bay. Halafu mwimbaji akafariki, bendi ikasambaratika, baba akarudi kwa ng'ombe wake.

Sasa ngoja nieleze alivyokuwa akipiga, maana bila hilo hamtaielewa hasira yangu.

Baba hakuwa na haraka. Gitaa zikikimbia, yeye alibaki nyuma kidogo, kidogo sana, kama mtu anayefunga mlango baada ya wageni wote kuingia. Ile drum kubwa ya mguu aliiwamba ngozi ya ng'ombe baada ya ngozi ya dukani kupasuka, ikawa na mlio mzito unaousikia tumboni. Na kabla ya mlio huo kulikuwa na nafasi.

Ndani ya nafasi hiyo ndipo watu walishusha bega. Muulize mama yeyote wa Nyanza aliyecheza enzi hizo. Hatakueleza kwa mdomo, atasimama akuonyeshe.

Basi. Katikati ya miaka ya tisini akatokea jamaa mmoja pale Migori mjini, kila mtu akimwita Director. Alikuwa na duka la kaseti na wazo zuri: kuzitoa upya zile santuri za zamani. Alikuja hadi nyumbani kwa heshima zote, akala samaki wa mama, akamwita baba legend. Baba alifurahi jinsi sijawahi kumwona. Akampa santuri zake mwenyewe, kwa sababu alizitunza vizuri na hazikuwa na mikwaruzo.

Kaseti ikatoka. Juu ya karatasi yake imeandikwa Original Sound, kwa herufi kubwa.

Tuliketi sebuleni kuisikiliza. Wakuu, ile kitu ilikuwa inachemka kama mafuta yenye samaki ndani. Gitaa zilikuwa zimeinuliwa hadi zinachoma masikio. Mwimbaji, marehemu, mwanamume mwenye sauti ya kifua, alisikika kama mtoto wa Standard Four. Na ile drum ya ngozi ya ng'ombe ilikuwa kama mtu anagonga karatasi.

Mama alisimama acheze. Akaanza, akasita, akaanza tena, akaketi. Akasema kwa Kijaluo kwamba hapaoni mahali pa kuweka bega.

Baba akacheka, akasema labda ni zile betri mpya zinakimbiza redio. Tukaamini. Nani angefikiria vingine?

Kaseti iliuzwa kama maji ya kiangazi. Ukipita sokoni unaisikia, kwa kinyozi unaisikia. Vijana waliozaliwa wakati bendi imeshakufa wakawa wanasema Owuoth alikuwa na mkono wa moto. Bendi changa zikaikariri kaseti yote, mpigo kwa mpigo.

Ndipo bendi moja ya Homa Bay ikamwalika baba apige nao kwenye harambee ya shule. Mchana, uwanjani, watu wengi. Mama alimpigia shati pasi, nami nikaomba ruhusa shuleni nilikokuwa nafundisha, tukaenda wote.

Nataka mwelewe kitu hapa. Kwa baba haikuwa burudani. Alikuwa ameishi karibu miaka ishirini akiwa mzee tu wa ng'ombe, na ile siku alikuwa anarudishiwa jina lake mbele ya watu.

Wakaanza wimbo. Vijana wa gitaa wakaondoka kwa ule mwendo wa kaseti. Baba akapiga kwa mwendo wake, mwendo uleule wa sabini. Gitaa zikamwacha. Wakarudi kumngoja, wakamwacha tena. Alijaribu kuwaangalia wapunguze, hawakuelewa anataka nini.

Watu wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema kwa sauti kwamba huyu si yule wa kwenye kaseti, ni mzee wameokota tu. Wengine wakacheka. MC naye akachukua maiki akatania kwamba umri ni umri.

Kisha kijana wao wa drums akapanda, akamwinamia baba kwa adabu. "Baba, pumzika kidogo. Hata sisi tutazeeka."

Akampokonya vijiti. Kwa upole, ndiyo, lakini alimpokonya. Uwanja mzima ukaanza kucheza.

Sikulala kwa hasira. Kesho yake nikaenda kwa Director.

Wakuu, yule mtu hata hakuficha. Alinionyesha mashine yake ya santuri, na pembeni yake kidude cha kuongeza mwendo, kama mtu anayeonyesha gari jipya. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa upole mkubwa, akiniita binti wa Karungu kwa Kijaluo.

"Nyar Karungu, nyimbo ni refu na kaseti ni fupi. Mimi sikukata kitu. Nilisukuma tu."

Nikamwambia si angekata basi, kuliko kusukuma. Akaniangalia kama mjinga.

Sasa wale wasiojua: benga ya wakati ule ilikuwa imejaa majina. Mwimbaji alimsifu fulani bin fulani, na mke wake, na shemeji zake, na kijiji chao. Watu hununua kaseti wasikie jina la nyumbani kwao. Director akaniambia ukikata kipande, unakata jina la mtu, na kesho huyo mtu au mtoto wake yuko mlangoni kwako anataka kujua marehemu baba yake alikosea nini.

"Majina yote iko," akasema. "Hata moja sijaangusha."

Hapo ndipo nilipoelewa, na hadi leo naona giza nikikumbuka. Ndani ya zile nyimbo zote kuna jina la kila mtu isipokuwa la mpiga drums. Yeye jina lake lilikuwa ni ule mwendo. Na hilo ndilo lililosukumwa, kwa sababu hakuna ambaye angekuja mlangoni kulidai.

Santuri nilizidai palepale. Nilirudishiwa zimechakaa hadi hazifai, alikuwa ametolea kaseti zake humo siku nzima nzima bila kubadilisha sindano.

Nilirudi Karungu kumweleza baba ukweli. Nikamkuta uani amekaa kwenye kigoda, redio iko mbele yake, anapiga mtungi wa plastiki kwa vijiti, shati limelowa jasho. Alikuwa anafanya mazoezi ya kumfikia yule wa kwenye kaseti.

Nilimweleza yote. Kidude, mwendo, majina. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akarudisha kaseti mwanzo akaendelea.

Na alimfikia. Mwaka uliofuata walimwita tena Homa Bay, na safari hii alienda nao mguu kwa mguu, haraka kama cherehani. Watu wakapagawa. Yule MC alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Mama peke yake ndiye aliyekaa kwenye kiti mwanzo hadi mwisho.

Tukiwa njiani kurudi nikampongeza baba, nikidhani namfurahisha.

"Wamempigia makofi yule wa kaseti," akasema. "Mimi hawajaniona."

Hakupiga tena. Walimwita mara kadhaa, akasema mgongo unamuuma. Miaka michache baadaye tukamzika pale Karungu, na mnajua ni kaseti gani iliyopigwa matangani.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kuitoa upya kazi ya mtu si kuipata tu na kuiweka sokoni. Kama nafasi haitoshi, weka nyimbo chache. Kama unataka iwe ya haraka, tafuta vijana wako urekodi yako, uandike jina lako. Usichukue mkono wa mtu aliye hai ukaukimbiza, halafu mwenye mkono akija mumwambie amezeeka. Na neno Original lina maana, jamani.

Najua kuna watakaosema Director alifufua muziki ambao ungepotea. Karibuni, tubishane, nipo. Wenye wazazi waliopiga kwenye bendi za enzi hizo, semeni yaliyowapata wao pia.

Ombi langu ni moja tu. Mkimsikia mtu anausifu wepesi wa mkono wa Owuoth, mwambieni binti yake amekataa.