Fyuzi ya Dhahabu Pale Majengo

Walisema sitaweza. Mtoto wa Mwese anayeteremka milima peku kuleta maharage Mpanda mjini, atasomea umeme Dar es Salaam na nani? Na akisoma, walisema, ataishia kubadilisha betri za redio. Nilisoma, nikapata diploma ya elektroniki, nikarudi. Mwingine mwenye nayo sikumwona pale mjini.

Nilirudi mtupu. Nauli ya treni ilikuwa ya mjomba. Chumba cha kufanyia kazi alinipa mama mwenye baa pale Majengo, nimlipe nikipata. Mita ya kupimia umeme aliniazima fundi mzee wa pale, yule yule aliyenifundisha kuunganisha waya kwa risasi ya kuyeyusha nikiwa shule ya msingi.

"Utanirudishia ukisimama, kijana wangu," aliniambia.

Kusimama kulikuwa na njia moja: muziki wa baa ile. Amplifaya, deki, na spika mbili ndefu kama kabati. Aliyeutunza ndiye aliyeitwa fundi wa mji, na aliyeutunza alikuwa yule mzee wa mita. Tena alikuwa na fyuzi yake, ncha zake rangi ya dhahabu, ambayo mama aliinunua kwake kwa bei ya mbuzi. Mzee aliiweka saa wateja wanapoanza kujaa, na kweli besi ilinenepa. Watu waliapa. Hata mimi niliisikia, nikakasirika, maana fyuzi ni uzi wa waya unaokatika umeme ukizidi. Haujui wimbo.

Nilikaa na mita siku tatu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mashine ya kusaga, inayotumia laini moja ya umeme na baa. Ikisaga, umeme unashuka, amplifaya inakosa nguvu. Ikifungwa jioni, umeme unapanda. Saa hiyo hiyo mzee alikuwa anaweka dhahabu yake.

"Mama," nilisema mbele ya wateja, "tumpime mzee Jumamosi mchana, mashine ikisaga."

Mzee alicheka. "Bwana diploma, masikio yangu yalikuwa kazini kabla hujazaliwa!"

Jumamosi nilimketisha akitazama ukuta. Nikimgusa bega, ataje fyuzi iliyomo, ya dhahabu au ya dukani. Kumgeuza ukutani kulikuwa na sababu. Tangu nirudi nilikuwa nimeona kwamba ukimsemesha akiwa ameinama, hajibu. Alikuwa anasoma midomo yetu. Wengine walidhani ni maringo ya ufundi.

Ya kwanza niliweka fyuzi iliyoungua, nimeizungushia ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara ipitishe umeme. Nikamgusa bega.

"Hiyo ndiyo dhahabu! Nyie hamsikii?"

Niliwaonyesha watu ile karatasi. Wakacheka wakijiziba midomo. Ya pili niliweka dhahabu yenyewe.

"Takataka ya dukani hiyo," alisema.

Nilikuwa nimeshinda. Mama alinipungia mkono kwamba inatosha. Haikunitosha. Ya tatu sikuweka kitu. Amplifaya ikazimika, spika kimya, ng'ambo mashine inasaga tu. Nikamgusa bega. Mzee aliinamisha kichwa upande, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Hii nayo ya kawaida," alisema. "Ila ina utamu kidogo."

Wakacheka wote, na yeye bado ameutazama ukuta, hajui.

Siku hiyo hiyo mama alinipa ufunguo wa kabati la muziki. Kazi ikaja yenyewe. Mpaka kwaya za Katumba zilifunga vipaza sauti kwenye baiskeli kuniletea. Tumbaku ilipouzwa na watu wakanilipa, nilichagua siku moja nikarudisha vyote. Mjomba alipata nauli yake na shati juu. Mama alipata kodi yake mpaka senti ya mwisho.

Mzee nilimkuta nje ya mashine ya kusaga, anashona magunia kwa kibarua. Nilimwekea mita magotini, na nyaya mpya. Aliigeuza geuza.

"Na fyuzi yangu?"

Nilikuwa nayo mfukoni; mama hakuitaka tena. Nilisimama mbele yake, aone mdomo wangu vizuri.

"Haikuwahi kuimba, mzee. Shika."

Akaipokea. Nikavuka barabara kurudi kazini, sidaiwi na mtu Mpanda nzima.