Mdogo Wangu Aligonga, Nikapandisha Sauti

Nilimsikia. Acheni nianze hapo, kabla sijaanza kujitetea kama nilivyozoea. Mdogo wangu aligonga mlango, nikamsikia, nikapandisha sauti.

Mimi ni Mtanzania, naishi mtaa wa Sydenham, hapa Durban, Afrika Kusini. Zamani nilikuwa nauza nguo Isipingo, kusini mwa jiji. Siku moja watu wasiotutaka sisi wageni wakaja mpaka dukani. Nikashusha mlango wa bati, nikabaki ndani gizani, wao nje wakilipiga bati kwa mawe. Hawakuingia. Lakini kile kishindo hakikutoka tena kichwani mwangu. Jamani! Kijiko kikianguka jikoni, mimi niko chini ya meza.

Mteja wangu mmoja, mama wa Kihindi niliyemwita Anti, ni Mbudha. Ndiye aliyenifundisha kuimba maneno yao: machache, yaleyale, kwa pumzi ndefu, tasbihi ikipita vidoleni. Unaanza kwa kugonga kikengele cha shaba, unamaliza kwa kukigonga tena. Nikalala! Nikalala usingizi wa mtoto aliyeshiba!

Lakini mimi nimelelewa Tanga, katika swala. Tangu utotoni najua ukishanuia humwitikii mtu. Nikaubeba mwiko huo nikautia kwenye kikengele cha Anti, ambaye hakuwahi kunipa mwiko wowote. Na kwa kuogopa Idi, mdogo wangu niliyeishi naye, asije akamwambia mama kule nyumbani, nikawa nafunga mlango kwa ufunguo.

Idi alijua zamani. Akipita alibisha kwa ncha ya kidole, akiutania uimbaji wangu kuwa ni mvumo wa nyuki.

"Dada, nyuki wako wameamka? Asali tunarina lini?"

Naimba kwa nguvu zaidi, mpaka aondoke akicheka.

Jumapili ile, mchana, hakubisha kwa kidole. Alipiga kwa kiganja.

"Dada... inhela."

Idi ana pumu. Inhela yake mpya, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, nilikuwa nimemchukulia kliniki. Ilikuwa mkobani mwangu, pembeni ya goti langu.

Nilikisikia kifua chake kikilia filimbi! Lakini kishindo cha kiganja kikawa kile cha bati, nami nilikuwa ndani ya utulivu pekee niliobakiwa nao. Nikajiambia, ni utani wake. Nikajiambia, nikishagonga kengele nitafungua. Nikafumba macho. Mungu wangu, niliimba vizuri siku ile!

Kilichonitoa ni sauti ya Mama Furaha, jirani yetu Mkongo.

"Weye dada! Fungula! Ndugu yako iko nakufa huku!"

Nilipofungua, Idi alikuwa sakafuni, midomo rangi ya majivu. Mama Furaha ndiye aliyeichomoa inhela mkobani mwangu akampulizia.

Alipona, alhamdulillahi. Pale hospitali nikaanza kumweleza habari za kengele, kwamba haikufaa nikatize. Aliniacha nimalize.

"Dada," akasema, "hata swala hukatwa mtu akizama."

Alipotoka hospitali akahamia kwa rafiki zake. Akija kunijulia hali husimama kizingitini: "Shikamoo, dada." Haingii. Habari za nyuki haulizi tena.

Nami nimebanwa katikati. Nikinyamaza, bati linalia. Nikiimba, kila pumzi ina kiganja ndani yake. Eish! Niende wapi?

Wewe unayesoma, ukijaliwa kitu cha kukutuliza moyo, iwe dua, wimbo au kimya tu, kishike. Ila usikitilie ufunguo! Utulivu usiosikia mtu ni duka lililoshushwa bati, na safari hii mwenye kulishusha ni wewe.

Ufunguo wangu nimeutupa. Siku hizi naimba mlango ukiwa wazi, mkoba mapajani. Nikisikia hatua koridoni nakatiza katikati ya neno, nageuka: huenda ni Idi.

Ni Mama Furaha, anapita na ndoo yake.