Kitufe cha Kumbuka

Kazini walimwita Kufuli, na jina lilimkaa. Alikuwa mtu wa kurudi kutazama kama amefunga mlango, kisha kurudi tena kuhakikisha kwamba alitazama vizuri. Nyumbani mtu wa namna hiyo ni kero. Lakini katika ofisi yao ndogo, iliyotengeneza mfumo endeshi wa kompyuta kwa watu wenye sababu ya kuogopa, alikuwa lulu. Mfumo wao uligawanywa vyumba kama nyumba ya kupanga: barua pepe chumba chake, benki chumba chake, na mwizi akiingia kimoja hapenyi kwenda cha pili.

Mwaka huo alipewa kazi ya kuongeza chumba cha kusahau. Ukikifunga, ulichoandika humo kinatoweka, hata mwenye kompyuta hakipati tena. Na ujumbe unaotoka humo hauendi moja kwa moja. Unazungushwa kwenye kompyuta za watu wasiojuana, hata anayeuvizia njiani asijue umetoka kwa nani wala unakwenda kwa nani.

Wa kwanza kukitumia alikuwa dada yake, mshauri katika ofisi ya kuwasaidia wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao. Tangu siku aliyomwekea, Kufuli hakula akashiba. Makosa yake mengine yangemuudhi mteja tu. La humo lingemfikia mtu mwilini.

Asubuhi moja dada akampigia simu, sauti imejaa furaha.

"Mdogo wangu, kweli ulisoma! Hii mashine ina adabu. Kila nikiwasha naikuta imeniwekea mazungumzo palepale nilipoachia."

Kufuli alisimama bila kujua kwamba amesimama. "Yamo? Yapi?"

"Yote. Hata ya Mama Pacha, tangu tulipomtafutia nyumba."

Kufuli hakuwahi kumwona Mama Pacha. Alijua tu kwamba ni mama wa mapacha, kwamba mumewe aliapa kumpata hata chini ya ardhi, na kwamba anwani yake mpya isingepaswa kubaki popote isipokuwa vichwani mwa watu wawili.

Alifika kwa dada yake shati limelowa jasho. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la kuuza madaftari, na dada alikuwa akimimina chai.

"Mbona unahema kama umefukuzwa na mbwa? Kaa kwanza."

"Dada, funga kile chumba nikuone unavyofunga."

Dada akabonyeza. Maandishi yakatokea: *Kumbuka: ukifunga chumba hiki, kila kitu kitafutwa.* Chini yake vitufe viwili, *Sahau* na *Kumbuka*. Bila kusita, dada akabonyeza *Kumbuka*.

"Kwa nini hicho?"

"Si imeniambia nikumbuke? Nami naijibu nimekumbuka. Mtu anakupa onyo, wewe unamwambia umesahau? Nani kakulea hivyo?"

Kufuli akashika kichwa. Maneno yale aliyaandika mwenyewe. *Kumbuka* ya juu ilimwambia mtu atahadhari. Ya chini iliiamuru mashine itunze. Alikijaribu chumba na wenzake wote, nao hawakukosea hata mara moja, kwa kuwa kila mmoja alishajua kinafanya nini.

Akajifariji kwa sauti. "Bado diski ina nywila. Anayeijua ni wewe tu."

Dada akaangalia kikombe chake.

"Na fundi," akasema.

"Fundi gani?"

"Wa hapo nyuma. Chai ilimwagikia kibodi, nikampelekea juzi."

"Ukampa nywila?"

"Sasa kibodi angeijaribuje? Kwa kuinusa?"

Walishuka pamoja. Fundi alikuwa mcheshi, bisibisi imekaa sikioni kama kalamu. Akaapa kwamba hakufungua cha mtu, na Kufuli akamwamini. Ndipo fundi akaongeza, kama anayetaja hali ya hewa:

"Labda jamaa mmoja aliyeleta simu ibadilishwe kioo. Alikaa hapo, kompyuta imewaka, nilipokwenda kununua waya. Niliporudi akaniuliza kama kompyuta hiyo ni ya akina mama wa pale juu. Nikamwambia ndiyo, si siri."

"Alifananaje?"

"Alikuwa mtu tu, kaka. Kwani mimi naoa wateja?"

Walirudi juu. Kufuli akakaa mbele ya kompyuta kutafuta kama kuna aliyefungua chumba siku ile. Hakukuta kitu, na alijua hatakuta. Chumba hakikuandika nani ameingia wala saa ngapi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekikataza. Siri ya Mama Pacha ilikuwa imetunzwa vizuri. Kilichosahaulika ni nyayo za aliyeisoma, kama alikuwapo.

"Labda hakugusa," alisema.

"Hiyo labda yako ataishi nayo nani?" Dada alishachukua simu. "Anahama leo. Na utamwambia wewe."

"Mimi? Hanijui!"

"Basi atakujua."

Sauti iliyopokea ilikuwa ya chini, ya mtu aliyezoea kusikiliza kabla ya kusema. Kufuli alieleza akigugumiza. Mama Pacha alimwacha amalize.

"Wewe ndiye uliyeitengeneza?"

"Ndiyo, mama."

"Nimeanza kazi Jumatatu. Ushonaji. Watoto wamelala. Niwaamshe sasa hivi?"

"Waamshe."

Akakata. Kufuli akaifuta kompyuta ya dada yote, pamoja na kazi zake nyingine. Kisha akaandika upya vile vitufe: *Tunza* na *Futa*. Alivisoma kwa sauti, akamwita muuza madaftari apande avisome, akamuuliza anaelewa nini. Alipojibiwa sawa, hakusikia nafuu yoyote. Kila gari lililosimama nje lilimpeleka dirishani.

Jua lilikuwa limeinama simu ya dada ilipoita. Dada alisikiliza, akaitikia mara chache, akaweka simu chini.

"Amefika."

Swali la *wapi* lilishamfika Kufuli mdomoni. Akalimeza. "Na watoto?"

"Mmoja analilia kiatu. Kimebaki kule. Na usiseme utakwenda kukichukua."

"Sijasema."

"Ulikuwa umeshainuka."