Chaza wa Mkwe Kwenye Kamba za Kikundi

Sipendi kuisimulia hii, ila hapa Mikindani wameshaisimulia na chumvi wameongeza, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe.

Nilikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama tunaofuga chaza, tena tulikaribia kuvuna kwa mara ya kwanza. Basi mkwe, mama wa kijana aliyemposa binti yangu, akaja kutoka Mahurunga na ndoo ya chaza wazima, ndugu zake wa Msumbiji wamewavusha Ruvuma, akasema tutawala Jumapili wageni wake wa mahari wakifika. Zawadi ya mkwe hukatai, na ikikufia mikononi ni aibu, nikawatia kwenye wavu nikawaning'iniza baharini kwenye kamba zetu (wapate maji tu, nilijiambia, wala hawatakaa).

Kesho yake akaja afisa uvuvi, kikundi kizima tukakusanyika ufukweni.

"Kuna vimelea vya chaza vinasambaa," akasema. "Mtu akila hadhuriki, ila chaza wenyewe wanakufa. Ndiyo maana wa nje hawaingizwi bila kupimwa."

Akavuta kamba, ukatoka wavu wangu. Akageuza ganda moja. "Hawa si wa hapa. Wa nani?"

Niliogopa, na mimi nikiogopa naongea. Nikasema hii ni hujuma, nikapendekeza mhusika afukuzwe uongozi kama ni kiongozi, na vikipatikana vimelea achimbe mwenyewe shimo la kuwazikia chaza wote, nikaomba wanaokubali wanyooshe mikono, wangu ukatangulia.

Mikono bado iko juu, mkwe huyo anakuja ufukweni kutusalimu. Akauona wavu.

"Kumbe umewahifadhi huku, mkwe? Nikajua mmeshawala, hamkungoja Jumapili."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke.

Majibu ya vipimo yaliporudi, vimelea vilikuwemo, na kamba zote za jirani zikaamriwa kung'olewa, zikiwemo za Mama Hadija, aliyekuwa amenifundisha mimi kufunga kamba. Nilichimba. Yeye akasimama juu ya shimo, ananitazama.

"Chimba ndani zaidi, mwenyekiti," akasema, na wakati huo mwenyekiti alikuwa ni yeye, kura ileile ilikuwa imeshanitoa.

Iliniuma, na bado inaniuma. Siku hizi mkwe akija na ndoo nawasha jiko kabla hajavua viatu, tunakula palepale, wageni wafike wasifike, na anayetaka kuniita mlafi na aniite.